Mahindi ya mwezi wa tano, mtoto wa mwezi wa pili

Mara hii tulikuwa tumepanga kuwaandikia juu ya wadudu wa ghala. Msihangaike, wadudu wamo, ila wameingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa pili. Tulitoka Lubumbashi asubuhi mapema kwa barabara ya Kasenga, gari limejaa mifuko ya tabaka tatu ya kuwekea mahindi. Tulipoacha barabara kubwa na kushika njia ya kijiji, gari likazama katika matope, tukamaliza kilometa sita kwa miguu, mifuko kichwani. Kufika kwenye hangari ya kooperative tukakuta wanaume tu na vijana. Wamama hawako. "Beko kwa mama moya kule," wakatuambia. "Uchungu ilimushika usiku."

Basi mafunzo yakangoja. Kwenye saa nne mama mtunza feza wa kooperative akatokea, miguu imejaa matope mpaka magotini, anacheka. Mtoto mwanaume, mzima, na mama yake mzima. Munganga wa kituo cha afya alikuwa amefika, lakini alikuta mtoto ameisha kuzaliwa: mto ulikuwa umepanda, na manseba aliyetumwa na moto yake kumchukua alilazimika kungoja ng'ambo mpaka maji yashuke. Aliyempokea mtoto ni kambo mmoja wa kijiji ambaye zamani alizalisha wengi. Alimpokea na ganti mikononi, juu ya plastiki safi, akakata kitovu kwa wembe mpya uliotoka katika karatasi yake.

Tukauliza: vifaa hivyo vilitoka wapi, saa nane ya usiku, mvua inanyesha? Mama mtunza feza akatupeleka nyuma ya hangari, akafungua sanduku la bati lenye kufuli. Ndani mlikuwa na mafurushi mawili yaliyofungwa vizuri katika plastiki, na nafasi tupu ya la tatu.

"Mutoto haulizake kama mvula iko nanyesha ao hapana," akasema. "Ye anakuya tu."

Walituruhusu tuandike habari yao, ila tusitaje jina la kijiji wala la mtu. Tumekubali.

Hebu tuhesabu pamoja. Mahindi ya kwetu tunapanda mwezi wa kumi na moja, mvua ikiisha kushika, na tunavuna mwezi wa nne na wa tano. Hapo ndipo feza ziko, ndoa zinafungwa, watu wanapumzika. Mimba iliyoingia mwezi wa tano inazaa mwezi wa pili. Na mwezi wa pili kwetu tunaujua: ghala limebaki vumbi, bukari inagawanywa kwa macho, magugu yanasumbua shamba, madaraja ya miti yanachukuliwa na maji. Wakati ule mahindi yalipouzwa, mama huyo hakujua bado kama ana mimba. Siku anapohitaji sabuni, wembe na feza ya moto, mfuko wa nyumba ni mtupu. Si wote wanaozaa mwezi huo, ni kweli, lakini waulizeni wamama wa kooperative yenu watoto wao walizaliwa miezi gani. Sisi tuliuliza pale hangarini, na mikono iliyoinuliwa kwa mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu ilikuwa mingi.

Sanduku lile lilianza na msiba. Miaka mitatu iliyopita, katika mvua za mwezi wa kwanza, memba mmoja alizalia nyumbani. Bwana yake alitusimulia mwenyewe, amesimama pembeni kidogo ya wengine.

"Mutoto alitoka bulongo. Kisha damu. Tulimuweka ku kinga, tukafika ku muto, daraja haiko tena."

Hakuendelea, nasi hatukumuuliza zaidi. Wengine walituambia kwamba walirudi na maiti kabla ya jua kutoka. Mtoto anaishi. Analelewa na shangazi yake, na siku ile tulimwona akikimbiza kuku kati ya mifuko yetu.

Katika inchi yetu msiba wa namna hii si mgeni. Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulihesabu vifo vya wamama 846 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima. Na damu inayotoka kwa wingi baada ya kuzaa ndiyo sababu ya kwanza ya vifo hivyo. Munganga alitueleza kwa kipimo ambacho kila mtu anakijua: nusu lita, yaani chupa moja ndogo ya maji, tayari ni nyingi. Kitambaa kikilowa kabisa, unaweka kingine nacho kinalowa papo hapo, hapo hakuna tena kungoja asubuhi.

Baada ya msiba wamama walileta neno kwenye mkutano wa kooperative: tuweke akiba ya kuzaa. Mzee mmoja akapinga. "Kooperative ni ya mahindi," alisema, "haiko ya mimba." Tusimhukumu haraka. Mwaka ule mbolea ilikuwa imepanda bei pamoja na dola, na kooperative ilikuwa na deni. Mama mmoja akamjibu kwa swali: nani anapalia yale mahindi? Mabishano yalichukua mikutano mitatu. Mwishowe walipiga kura, na mzee yule, tunapenda kusema, ndiye leo anayepima mahindi ya akiba kwa mkono wake, na hapendi meka ijazwe nusu.

Mpango wao ni huu. Kwenye mavuno kila memba anatoa meka mbili za mahindi, mwanaume na mwanamke, anayezaa na aliyeacha kuzaa. Mahindi hayo yanagawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza linauzwa mara moja, mwezi wa tano au wa sita, hata kama bei iko chini, kwa sababu ni wakati huo malori yanapita na mtu anaweza kwenda soko la Kenya au la Mzee kule Lubumbashi na kurudi siku ileile. Feza yake inanunua vifaa. Sabuni na plastiki havichinji njaa mwezi wa pili, lakini pia havioze vikikaa miezi minane ndani ya sanduku.

Fungu la pili haliuzwi. Linafungwa mpaka mwezi wa kwanza au wa pili, wakati mahindi yamekuwa ghali. Kilo zilezile zinaleta feza zaidi, na feza hiyo ni ya njia na ya maternite: moto, dawa, malipo.

Na hapa ndipo wadudu waliingia. Mwaka wa kwanza fungu la pili liliwekwa katika mifuko ya kawaida, juu ya sakafu, na mwezi wa kwanza walipofungua wakakuta unga na fukusi. Sehemu kubwa ilitupiwa kuku. Mama mmoja aliyekuwa akingoja kuzaa mwezi ule alienda maternite kwa deni. Ndiyo sababu walituita tulete mifuko ya tabaka tatu. Mifuko hii ina plastiki mbili ndani na mfuko wa kufumwa nje. Kila tabaka inakamuliwa hewa na kufungwa peke yake, wadudu waliomo wanakosa pumzi na kufa bila dawa yoyote. Lakini mahindi yawe makavu kweli, la sivyo yataoza humo ndani. Kama hamna chombo cha kupima, chukueni chupa ya kioo iliyo kavu, tieni mahindi kidogo na chumvi kavu, tikiseni kwa dakika chache. Chumvi ikigandama kwenye kioo, yarudisheni juani. Na mfuko usikae chini, ukae juu ya miti, mbali na ukuta, na paka awe karibu, kwa maana panya akitoboa plastiki kazi yote imekufa.

Anayetumia furushi halipi siku ile. Kwenye mavuno yanayofuata anarudisha vifaa, kitu kwa kitu, wala si feza. Tuliuliza kwa nini. "Feza inakopwaka," mama mtunza feza akajibu. "Wembe nani atakopa?" Feza ya njia na ya maternite inarudishwa polepole kwa mavuno mawili, bila faida.

Kufuli ina funguo mbili, moja kwa mtunza feza, nyingine kwa kambo. Hilo walijifunza kwa aibu. Mara ya kwanza sanduku lilipohitajika, mtunza feza alikuwa amelala Lubumbashi kwenye matanga, ufunguo kwenye mfuko wake. Kufuli ilivunjwa kwa shoka.

Tuliomba watufungulie furushi moja. Kambo akalifungua mwenyewe juu ya mkeka, baada ya kunawa mikono, na alitaka sisi pia tunawe. Juu kabisa kulikuwa na plastiki ya meta moja na nusu, ile inayouzwa kwa meta sokoni, ya kutandika chini ya mama. Kisha vipande viwili vya sabuni: kimoja cha mikono ya anayepokea mtoto na cha kumsafishia mama, kingine cha kufulia. Ganti jozi mbili katika sashe zao. Nyembe mbili katika karatasi, kwa sababu moja inaweza kuanguka. Nyuzi tatu za pamba za kufungia kitovu, zilizochemshwa dakika 20, zikakaushwa na kufungwa katika sashe safi. Vitambaa viwili laini vya kumkausha mtoto, kingine cha kumfunika, na kofia ndogo. Vitambaa vya damu vya kutosha, na kitenge cha kuvaa. Tochi, betri zake zimetolewa nje zisiozee ndani. Kiberiti. Na karatasi ngumu iliyoandikwa namba ya simu ya munganga, ya manseba wawili na ya mwenye mtumbwi. Mama mtunza feza ana kawaida ya kuweka uniti katika simu yake kila juma katika miezi ya mvua, hata kama hana chumvi nyumbani.

Vitambaa vyote vilikuwa vimepigwa pasi ya makala pande mbili. Tulidhani ni uzuri tu. Kambo akatukumbusha nzi wale wanaotaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wao wanaingia katika ngozi. Mtoto wa siku mbili hapaswi kuanza maisha na funza mgongoni. Joto la pasi linaua mayai hayo.

Sasa tuseme jambo linalotuhusu sisi wakulima zaidi ya watu wengine. Munganga alituambia kwamba anakuta mara nyingi nyumba ambapo mama amezalia juu ya mfuko wa mbolea uliopasuliwa, au kitovu kimefungwa kwa uzi uliochomolewa katika mfuko wa mbegu. Tunaelewa: mfuko ni mgumu, ni wa bure, uko karibu. Lakini mfuko uliobeba urea au NPK unabaki na chumvi zake hata ukioshwa, na zinachoma ngozi. Mbegu zile zenye rangi nyekundu au ya waridi zimepakwa dawa ya sumu, na sumu ile imeshika mfuko na uzi wake. Beseni iliyopimia dawa ya kuua wadudu wa shamba isichote maji ya kuoshea mama, hata ikiwa imeoshwa mara kumi. Wembe uliokata nyoya za kuku au nywele za baba usikate kitovu. Katika kooperative hii wamepiga alama ya rangi nyekundu kwenye vyombo vyote vya dawa za shamba, na watoto wadogo wanaijua alama ile.

Kazi yenyewe ya kumpokea mtoto hatutaifundisha hapa. Hiyo ni kazi ya munganga na wazalishaji waliosoma. Lakini mtoto akitangulia msaada, waliopo wajue haya machache. Mtoto akaushwe mara moja na kulazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kitovu hakina haraka: kingojewe angalau dakika moja mpaka tatu, kifungwe mahali pawili, vidole viwili hivi kutoka tumboni na tena mbele kidogo, kikatwe katikati ya mafundo. Ziwa apewe ndani ya saa ya kwanza. Juu ya kitovu yasiwekwe majivu, wala chumvi, wala mafuta ya ngazi, wala udongo wa ukutani. Kama munganga amewapa tyubu ya klorheksidini kwa ajili ya kitovu, ni ya kitovu tu, mara moja kwa siku katika juma la kwanza, na iwekwe mbali na dawa za macho: katika inchi kadhaa za Afrika watu wamekosea na kuitia machoni, na macho yameungua.

Juu ya kuoga walibishana mbele yetu. Munganga anataka mtoto angoje siku nzima, saa 24, asishikwe na baridi. Kambo hakufurahi. "Mutoto akae na vile vyote ku mwili?" Wamepatana kwamba anapanguswa kwa kitambaa na kuoga kesho yake, na kambo anasimamia mwenyewe isizidi kesho. Kitu kingine cha baridi: mbabula ya makala isiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha mama joto. Moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini, na mvua inapofanya watu wafunge dirisha ndipo hatari iko kubwa.

Turudi kwenye damu, kwa maana furushi lile, na uzuri wake wote, haliwezi kuizuia. Linazuia uchafu, na kupitia uchafu linazuia pepopunda na homa ya uzazi. (Pepopunda inazuiwa zaidi na sindano za CPN: mwenye mimba ya kwanza anapata mbili, zikitengana majuma manne, na ya pili iwe imeingia majuma mawili mbele ya kuzaa.) Sindano inayokaza kizazi baada ya mtoto kutoka, ile ya oksitosini, inataka frigo, kati ya digrii 2 na 8. Haiwezi kulala katika sanduku la bati. Viko vidonge vinavyosaidia, lakini vinatolewa na munganga, tena baada ya mtoto kuzaliwa na tumbo kuangaliwa kama hamna pacha. Vikimezwa mbele ya hapo vinaweza kupasua kizazi. Vilevile dawa za miti za kuharakisha uchungu: wazee wetu walizijua, lakini hakuna anayeweza kupima nguvu yake ndani ya kikombe, na kizazi kilichopasuka kinaua mama na mtoto pamoja.

Kwa hiyo wale wanaodhani fungu la kwanza linatosha, wamesikia nusu ya habari. Mzee mpima mahindi alituuliza jambo hili wazi: kama furushi limemsaidia mama wa jana, kwa nini tusiuze yote mwezi wa tano na kujaza sanduku? Munganga ndiye aliyemjibu. Mama wa jana hakutoka damu nyingi. Angetoka damu, furushi lingemkuta safi na kumwacha afe safi. Mzee alinyamaza, halafu akasema fungu la pili liongezwe.

Furushi linasafiri na mama. Akienda maternite, analibeba, na mara nyingi ni vitu vilevile anavyoombwa kule. Nyumbani linafunguliwa tu kama mtoto ametangulia. Na kuna wamama ambao kwao nyumbani si mahali pa kujaribu hata kidogo: mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kupasuliwa, mwenye pacha, aliyewahi kutoka damu nyingi, aliyezaa mara tano au zaidi, msichana ambaye mwenyewe ni mtoto bado. Mwenye kuumwa kichwa sana na macho kuona giza, mwenye kifafa, mwenye damu mbele ya uchungu, ambaye mtoto ametanguliza mkono, ambaye jua limechomoza na kuzama uchungu ungali uleule, au ambaye kondo la nyuma halijatoka nusu saa baada ya mtoto, huyo anaondoka mara ile, hata ikiwa usiku, hata ikiwa kwa machela.

Kwa nini basi wamama wanabaki nyumbani? Uchunguzi uleule wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 8 kati ya 10 katika inchi yetu wanazaliwa katika vituo vya afya. Hao wawili waliobaki si wajinga. Tuliwauliza wamama, na waliongea juu ya umbali, juu ya mvua, juu ya maneno makali waliyowahi kusikia kitandani. Lakini zaidi ya yote waliongea juu ya malipo. Mmoja alishikwa siku kumi na moja katika maternite moja, na mtoto mikononi, mpaka bwana yake akauza kinga. Tangu siku ile, alituambia, watoto wawili aliwazalia nyumbani. Ndiyo maana fungu la pili lina maana kwao kuliko mafundisho yetu yote.

Wakubwa wetu wanakumbuka wakati mwingine. Bibi wa mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alizalia hospitali ya kampuni na hakuuliza bei. Mwaka 2003 wafanyakazi karibu 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ule ulioitwa wa hiari, na wengi wao na bibi zao wakashika jembe pembeni ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kambo wetu ni mmoja wao: watoto wake wanne wa kwanza walizaliwa juu ya kitanda cha chuma, wa tano katika nyumba ya matofali mabichi. Mwezi wa tisa wa 2023 serikali ilianzisha uzazi wa bure, kuanzia Kinshasa. Kila kooperative itume mtu kwa munganga titulere wa eneo lake, aulize leo kitu gani ni cha bure na kitu gani kinalipwa, aandike kwenye karatasi, na karatasi ile ibandikwe hangarini. Kujua bei mwezi wa sita ni tofauti na kuisikia mwezi wa pili mama akiwa kitandani.

Dawa iliyo bora kuliko moto ya usiku ni kutokuwa kijijini siku ile. Wawili katika kooperative hii walienda kungojea kwa ndugu zao karibu na hospitali, majuma matatu mbele. Lakini mwezi wa pili ni mwezi wa palizi, na mama hawezi kukaa mjini anakula bukari ya shemeji huku majani yanakula shamba lake. Wamama wakafanya likelemba ya kazi: kila memba anapalia mistari yake kadhaa katika shamba la anayengojea, naye atalipa kwa mkono wake mwaka mwingine. Anabeba pia debe la unga, asiwe mzigo. Mama aliyezaa usiku ule alikuwa kwenye orodha ya kuondoka Jumatatu. Mtoto alikuja Ijumaa.

Wapapa, nanyi mna furushi lenu, nalo halina sabuni. Mjue kikundi cha damu cha bibi yenu na mjue ndugu wawili au watatu walio tayari kutoa damu, kwa maana hospitalini mtaulizwa. Mpatane bei ya usiku na manseba mchana, mkiwa mmetulia. Mmwambie bibi mbele ya watu kwamba kama hamko nyumbani, aondoke bila kuwangojea. Mama wengi wamekaa mlangoni wakingoja ruhusa ya mtu aliye katika makala, porini. Na mtoto akizaliwa mna siku 90 za kumwandikisha bure kwa etasivili. Baba wa mtoto wa Ijumaa alikuwa hajui jambo hilo. Akatuuliza kama siku ya kuzaliwa inahesabiwa.

Mafunzo ya wadudu tuliyafanya saa tisa, kwa haraka, mvua ikitishia. Tuliacha mifuko kumi. Kabla ya kuondoka kambo alifunga furushi upya mbele yetu, akahesabu vitu kwa sauti, akaona nyembe zimebaki tatu tu katika sanduku zima. Wamama watatu wanangojea mwezi wa tatu. Tutakaporudi kuangalia mahindi, ametuagiza tulete pakiti mbili, na tusilete zile za bei rahisi zenye kutu.